Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya matangazo ya AFCON 2027: 4K tutaisubiri, goli lisichelewe

Kwa: Shirikisho la Soka Afrika (CAF); kamati za maandalizi za Kenya, Tanzania na Uganda; mamlaka za mawasiliano CA, TCRA na UCC; mashirika ya utangazaji KBC, TBC na UBC; na kampuni yoyote itakayoshika haki za kuonyesha mechi.

YAH: MUDA, PICHA NA SAUTI YA MATANGAZO YA AFCON 2027

Ndugu wahusika,

Tangu CAF ilipotangaza kule Cairo, Septemba 27, 2023, kwamba ombi la Pamoja, la Kenya, Tanzania na Uganda, limeshinda uenyeji wa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, mazungumzo yamekuwa ya viwanja tu: nyasi, viti, taa, barabara za kuingilia. Ni sawa, bila uwanja hakuna mechi. Lakini hata kama Kasarani, Mkapa na Namboole vitajaa kila siku, watu wengi wataiona AFCON wakiwa sebuleni, baa, saluni, kibanda umiza, au kwenye simu ndani ya daladala na matatu. Sisi tunaoandika barua hii ni mashabiki, na wengi wetu riziki yetu ni kufunga dishi, kuelekeza antena na kufungua TV zilizogoma. Tunajua picha inakwamia wapi.

Ombi letu ni moja. Kabla ya kununua mapambo, tengenezeni safari ya mwisho ya picha, ile ya kutoka kwenye mtambo hadi kwenye macho ya mtu. Kila mwezi tunasoma habari za TV mpya za 4K na 8K, kamera zinazozunguka angani, akili mnemba inayohesabu kasi ya winga. Tunazifurahia, sisi ni watu wa vifaa. Ila TV ya 8K ina pikseli, yaani vinukta vya picha, milioni 33, na mechi inayoingia humo kupitia antena za kwetu mara nyingi haifiki hata HD. Pikseli zinazobaki TV inazibuni yenyewe.

Tuanze na muda, maana huo ndio unaoua utamu kuliko kitu kingine chochote.

Goli likifungwa, picha inatoka kwenye kamera, inaingia gari la matangazo, inabanwa (inapunguzwa uzito ili isafiri), inapanda setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, inashuka. Kupanda na kushuka huko ni robo sekunde hivi, kwa hiyo setilaiti isisingiziwe. Muda unaliwa na mitambo ya kubana na kufungua picha. Kila kituo kinachoifungua ili kibandike nembo au tangazo lake, kisha kikaibana upya, kinaongeza sekunde moja au mbili, na ubora unashuka kidogo kila mara. Hata hivyo, mwenye antena ya kawaida anaona tukio sekunde chache baada ya kutokea. Mwenye aplikesheni ana mambo mengine kabisa.

Njia iliyozoeleka ya kurusha video mtandaoni, HLS, hukata picha vipande vipande. Kipande kwa kawaida ni sekunde 6, na kicheza video hukaa vipande vitatu nyuma ya tukio ili mtandao ukiyumba kiwe na akiba. Hapo tayari ni sekunde 18. Ongeza muda wa kubana picha katika madaraja tofauti ya ubora, na muda wa kuisambaza kwenye seva, unafika sekunde 30 hadi 45 bila taabu. Baya zaidi ni hili: kila kiduara kinapozunguka, vicheza video vingi vikizinduka huendelea pale vilipoishia. Picha ikiganda sekunde tano, unabaki nyuma sekunde tano zaidi, na deni hilo linakua mpaka filimbi ya mwisho. Ndiyo maana watu wawili wenye aplikesheni ileile, kwenye kochi moja, hawaoni kitu kimoja. (Dawa ya haraka kwa mtazamaji: bonyeza neno la mubashara kama lipo, au toka kwenye mechi uingie upya.)

Sasa chukulia penati ya dakika ya 88. Kibanda umiza cha pembeni kinatumia antena. Ghorofani juu yake kuna kijana mwenye bando. Mpigaji kwenye simu yake ndiyo kwanza anaweka mpira kwenye doti, anarudi nyuma hatua nne, na huku chini watu wameshalipuka. Nusu dakika nzima anaangalia kitu ambacho mtaa umeshamwambia. Na kama mtaa umekaa kimya, arifa ya matokeo inamwambia, kwa sababu arifa ni maneno machache tu, hayakatwi vipande wala kubanwa, yanafika ndani ya sekunde kadhaa.

Hapo tusisahau wanaobeti mechi ikiendelea. Kampuni za kubeti hupata taarifa kutoka kwa watu walio uwanjani wanaobonyeza kila kona na kila faulo, na odds, yaani viwango vya malipo, hubadilika kabla mwenye simu hajaona mguu ukigusa mpira. Hatumtetei mtu na mkeka wake. Lakini kama mamlaka zinaruhusu biashara hiyo, ni haki kulazimisha ukurasa wa kubeti uandike wazi kwamba picha unayoiona iko nyuma kwa sekunde kadhaa.

Ufumbuzi upo na si mpya. Apple ilitangaza HLS ya ucheleweshaji mdogo mwaka 2019, na mbinu ya CMAF inafanya kazi kwa mtindo huohuo: kipande cha sekunde 2 kinagawanywa tena kuwa vijipande vya chini ya sekunde moja, na kila kijipande kinatumwa kabla kipande kizima hakijakamilika. Sekunde 5 hadi 8 zinafikika. Ila tunawaonya mapema: akiba ikipungua, mtandao ukiyumba picha inaganda mara nyingi zaidi. Mtu wa Kariakoo mwenye 5G na mtu wa Nachingwea mwenye 3G hawawezi kupewa akiba moja. Wekeni chaguo mbili ndani ya aplikesheni, moja ya haraka na moja ya utulivu, mtu achague kulingana na mtandao wake. Kicheza video pia kifundishwe kulipa deni: kikibaki nyuma, kiongeze mwendo wa picha na sauti kwa asilimia 5. Kwenye kelele za uwanja ni vigumu sikio kugundua, na deni la sekunde 10 linaisha ndani ya dakika tatu na sekunde ishirini. Na tafadhali, aplikesheni rasmi izuie arifa ya goli kwa mtu ambaye wakati huohuo anatazama mechi hiyohiyo ndani yake. Hili ni la programa mmoja na siku chache za kazi.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ya megabiti 3 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.35 kwa saa. Mechi na mapumziko yake ni kama saa mbili, kwa hiyo GB 2.7, na ikienda nyongeza na matuta unakaribia 4. Mashindano yana mechi 52. Piga hesabu mwenyewe uone ni wangapi watamaliza makundi wakiwa hewani. Tunaomba daraja la chini la ukweli, megabiti 0.8, lililotengenezwa kwa uangalifu na si kutupwa hapo kama takataka. Hilo linakula MB 720 kwa mechi. Chini yake liwepo la sauti tupu. Kilobiti 64 zinatosha kabisa kwa mtangazaji na kelele za mashabiki, na mechi nzima inakula MB 58 hivi. Bodaboda, mlinzi wa usiku, mama anayekaanga chipsi, hao hawahitaji picha, wanahitaji kujua nani ana mpira.

Mkikaa na kampuni za simu kuhusu bando la mechi, angalieni saa linapokwisha. Bando la siku linalokatika saa sita usiku halimfai mtu ambaye mechi yake imeanza saa nne usiku na ikaenda nyongeza. Litakata wakati kapteni anatembea kwenda kupiga tuta. Bando lihesabiwe kwa mechi: lifunguke robo saa kabla, lifungwe matokeo yakishathibitishwa.

Tuje kwenye mwendo wa picha, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi la TV.

Umeme wetu ni wa hezi 50 na televisheni ikafuata huko. Kamera za uwanjani hunasa mwendo mara 50 kwa sekunde. Picha ikifika mtandaoni, wengi hutupa nusu na kubakiza 25 ili kuokoa biti, yaani data. Kwenye tamthilia huwezi kuona tofauti. Kwenye mpira inaonekana. Shuti la kilomita 100 kwa saa linakwenda mita 28 hivi kwa sekunde. Kwa picha 25, mpira unaruka mita 1.1 kati ya picha moja na inayofuata, na mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22. Kwa hiyo huuoni ukisafiri, unauona hapa, kisha pale, kisha nyavuni. Kwa picha 50 mruko unapungua nusu, na jicho linaweza kuufuata. Kumbukeni bao la ushindi la Oussama Lamlioui kwenye fainali ya CHAN pale Kasarani, Agosti 30, 2025, Morocco ilipoifunga Madagascar 3-2. Shuti lilitoka mbali, mpira juu hewani, nyuma yake maelfu ya watu wanaotikisika. Kwa mtambo wa kubana picha hakuna kitu kigumu kama hicho: kitu kidogo cheupe kinachokwenda mbio mbele ya umati. Ukiwa na biti chache na picha 25, mpira unayeyuka kabisa katikati ya safari.

Kwa hiyo, mkibanwa na biti, punguzeni ukubwa wa picha kabla ya kupunguza mwendo. Picha ya mistari 480 inayokwenda 50 kwa sekunde ni bora kwa mpira kuliko ya mistari 720 inayokwenda 25, hasa kwenye simu ya inchi 6. Msikubali kabisa picha 50 kugeuzwa kuwa 30. Kosa hili hutokea enkoda, mtambo wa kubana picha, ikiachwa kwenye mpangilio wa kiwandani wa nchi za hezi 60, na dalili yake ni kamera inapofuata winga pembeni: uwanja mzima unasogea kwa kushtukashtuka, kama mara kumi kwa sekunde hivi. Dalili nyingine ni mchezaji anayekimbia kuchanika mistari ya mlalo pembezoni mwa mwili wake. Hiyo maana yake picha za nusunusu zimebandikwa pamoja bila kuunganishwa sawasawa, na fundi wa zamu anatakiwa kuiona ndani ya dakika moja.

Kwa upande wa mtazamaji, TV nyingi mpya huja zimewashwa kile kipengele cha kulainisha mwendo, kila kampuni ina jina lake. Kipunguzeni hadi mwisho au kizimeni. TV inabuni picha za katikati, na ikikosea mpira unapotea karibu na miguu ya wachezaji. Huko tunaweza kujisaidia wenyewe.

Antena ndiyo njia ya bure na ya haraka, na tunaogopa itaachwa nyuma kwa sababu haina hadhi. Masafa yenye upana wa megahezi 8 kwa mfumo wa DVB-T2, ule wa antena za kidijitali, hubeba megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kutegemea mipangilio. Humo zinapakiwa chaneli kumi na tano, ishirini, na kuendelea. Ni daladala ileile: abiria wakizidi, kila mmoja anakaa nusu kiti. Chaneli ya mahubiri inaweza kuishi na megabiti 1.5, mhubiri hakimbii. Mechi kwa kiwango hicho inageuza nyasi kuwa uji wa kijani, na kila kamera inapogeuka namba za jezi zinafutika. Mpira wa ubora wa kawaida unahitaji kama megabiti 4, na wa HD kwa H.264, mfumo uliozoeleka wa kubana picha, unahitaji karibu 8. Mitambo ya kugawa biti kati ya chaneli kulingana na mahitaji ipo, na wengi wenu mnayo tayari. Kinachokosekana ni mtu kuingia kwenye mpangilio na kuipa chaneli ya mechi kipaumbele. Kwa saa mbili, ile chaneli inayoonyesha nembo na kinanda itatusamehe.

Kuna atakayewashauri mhamie HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, kwa sababu inatumia karibu nusu ya biti. Msithubutu kwa chaneli kuu. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Kenya ikamaliza mwaka 2015. Visimbuzi vilivyonunuliwa enzi hizo vinajua H.264 tu, na vingi bado vinafanya kazi chini ya TV za watu. Ukimrushia HEVC, anapata sauti na kioo cheusi. Atamwita fundi, fundi atabadilisha waya, kisha kisimbuzi, na kosa haliko nyumbani kwake.

Tena kuna TV za chogo. Zipo nyingi kuliko mnavyodhani, zimeunganishwa kwa waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na kioo chake ni cha 4 kwa 3. Visimbuzi vingi vikikutana na kioo hicho hukata pande mbili za picha. Mkiweka saa na matokeo kwenye kona kabisa ya kushoto, mwenye chogo anaona "0" moja na dakika zimekatwa. Sogezeni kibao ndani ya eneo la 4 kwa 3, na herufi ziwe kubwa. Hili litawasaidia na wenye simu ndogo pia, na haligharimu kitu.

Mechi za chaneli ya taifa zisifungwe kwa msimbo. TV nyingi zinazouzwa siku hizi zina DVB-T2 ndani yake. Mtu anachomeka antena ya UHF, anaingia kwenye menyu ya chaneli, anachagua antena au DTV, anaruhusu itafute yenyewe. Ikiuliza nchi na yake haimo kwenye orodha, achague nyingine inayotumia upana wa megahezi 8. Kama boksi la TV linasema DVB-T bila 2, hatapata kitu hata apande juu ya bati. Mamlaka za mawasiliano, hapo ni penu: kagueni madukani sasa. TV zenye kitafutio (kipokea mawimbi) cha zamani zitamiminika kwa jina la ofa ya AFCON.

Mtu akipata shida ya mawimbi, mwelezeni atazame nini. Kisimbuzi kina mistari miwili kwenye ukurasa wa taarifa, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wengi hutazama nguvu. Ukiona nguvu 90 na ubora 10, kuongeza busta, kile kikuza mawimbi, hakusaidii, na mara nyingi kunaharibu zaidi, hasa ukiwa karibu na mnara, kwa sababu kitafutio kinapaliwa na mawimbi. Toa busta, geuza antena, angalia maungio ya kebo. Maji yakiingia kwenye kebo ubora hushuka kila baada ya mvua. Lakini kuna hali ambayo mwenye nyumba hana la kufanya. Minara kadhaa ikirusha kwa masafa yaleyale inatakiwa kwenda pamoja kwa saa ya GPS. Mmoja ukipoteza saa yake, unaanza kuushambulia mwenzake, na watu waliokaa katikati ya minara hiyo wanakuwa na nguvu tele na ubora sifuri. Hii hutokea, na malalamiko yanapopigwa simu jibu ni "zima kisimbuzi, subiri dakika kumi, washa." Wekeni kipokezi cha kufuatilia ubora katika maeneo hayo ya katikati, si chini ya mnara ambako kila kitu huonekana kizuri.

Mvua nayo. Mawimbi ya Ku yanayotumiwa na dishi ndogo hunyong'onyea kwenye mvua kubwa, kila mwenye dishi anajua. Mtu mmoja akikatika ni jambo la dakika kumi. Lakini kama kituo kinacholisha minara ya mkoa mzima kinapokea mechi kwa dishi ya Ku peke yake, wingu moja linazima mkoa. Kila kituo kiwe na njia mbili, setilaiti na faiba, na kubadilisha kuwe kwa kujiendesha. Pale ambapo mtu wa zamu anapaswa kubonyeza, goli litafungwa akiwa amekwenda kunywa chai.

Sauti. Tunalifupisha ingawa lingetosha barua yake. Uwanjani hutoka sauti ya kimataifa isiyo na mtangazaji, ni mashabiki, filimbi na mpira, kisha kila nchi inaongeza mtangazaji wake. Chaneli moja inaweza kubeba njia kadhaa za sauti, kila moja ikila kilobiti 128 tu. Tupeni tatu: Kiswahili, Kiingereza au lugha nyingine ya nchi husika, na ya uwanja tupu. Mtu abonyeze kitufe cha AUDIO kwenye rimoti achague. Ya uwanja tupu itapendwa kuliko mnavyofikiri; wapo wanaotaka vuvuzela na ngoma bila kusikia wasifu wa shangazi wa beki wa kulia. Matangazo ya biashara yapimwe kwa kiwango kilekile cha sauti na mechi. Wazungu wa EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, waliweka kiwango cha ukubwa wa sauti cha LUFS -23 mwaka 2010, kila programu ya kuhariri sauti inakijua, na bado mapumziko yakifika watoto waliolala huamshwa na tangazo la mafuta ya kula.

Kuhusu haki za kuonyesha, tunakumbusha jambo moja. AFCON iliyopigwa Ivory Coast ilianza Januari 13, 2024, na ni siku chache tu kabla ndipo wateja wa kampuni kubwa ya televisheni ya kulipia barani walipohakikishiwa kwamba wataona mechi. Watu walikuwa wameshanunua visimbuzi vingine. Safari hii wenyeji ni sisi. Mkataba wa chaneli za bure utangazwe miezi kadhaa kabla, na uwe na orodha: mechi zipi, lugha ipi, kwa antena au dishi. Kumbukeni raundi ya mwisho ya makundi, ambapo mechi mbili za kundi moja huchezwa saa ileile. Chaneli moja haitoshi. Fungueni ya pili ya muda, megabiti 8 tu, kwa siku hizo chache, la sivyo mtu atatazama timu yake ikiwa sare bila kujua kwamba upande wa pili ndiko hatima yake inaandikwa.

Vibanda umiza wapewe leseni ya mashindano, yenye bei moja inayojulikana na kibandiko cha kubandika mlangoni. Bila hivyo, kila afisa atakuja na bei yake.

La mwisho ni majaribio. Mwezi mmoja kabla ya mechi ya ufunguzi, wekeni saa inayoonyesha sekunde, iliyolinganishwa na GPS, mbele ya kamera ya uwanjani, mkairushe kwa njia zote: antena, dishi, aplikesheni. Mtu yeyote ataweka simu yenye saa ya mtandao kando ya TV, atapiga picha moja ikichukua vyote viwili, na tofauti ya sekunde ndiyo ucheleweshaji wake. Rudieni jaribio hilo usiku, mtandao ukiwa umejaa. Kisha chapisheni jedwali la kila mji na kila njia, pamoja na masafa, namba ya chaneli na njia za sauti zilizomo. Sisi wa mitaani tutawaletea picha hizo bure, kutoka Mtwara hadi Gulu, kutoka Kisumu hadi Pemba. Tuambieni tu zitumwe wapi.

Wenu,
Mashabiki na mafundi wa antena, dishi na visimbuzi